Tanga mpaka Uhuru, barometa mfukoni

Jumamosi, Tanga kwenda Moshi

Kabla basi halijaondoka nilipita ufukweni Raskazone nikafungua programu ya barometa kwenye simu, ikasoma 1012. Hizo ni hektopaskali, yani ni uzito wa hewa yote iliyo juu yangu kuanzia pale kwenye mchanga mpaka huko ambako hewa inaishia, na ukiipigia hesabu unapata kama tani 10 kwa kila mita moja ya mraba. Tani kumi, na tunatembea tu na mambo yetu, kwasababu hewa ileile iko kwenye mapafu na ndani ya masikio nayo inasukuma kutoka ndani, kwahiyo pande mbili zinalingana.

Lengo la safari ni kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na kila kituo niandike presha, maana mimi nafundisha jografia na somo la angahewa kwetu huwa linaishia kwenye kukariri majina ya matabaka, mtoto anafaulu mtihani alafu ukimuuliza hewa ina uzito au haina anakuangalia tu. Na kuna sentensi moja ambayo karibu kila niliyemuaga kanipa, "kule juu hakuna oksijeni", hiyo nataka tuimalize mapema. Oksijeni ipo. Ukichota hewa Tanga na ukachota hewa Uhuru, kileleni kabisa, ukazipima, zote zina oksijeni karibu asilimia 21, mgao ni uleule. Kinachopungua ni mgandamizo, hewa yote kwa ujumla inakuwa nyepesi, pumzi moja inaingiza chembe chache za kila kitu, oksijeni ikiwemo.

Wazo la kupanda mlima na barometa ni la zamani sana. Mwaka 1643 Torricelli kule Italia alijaza zebaki kwenye bomba la kioo akaligeuza ndani ya bakuli, zebaki ikashuka kidogo ikasimama kwenye kama sentimita 76, akaelewa kwamba kinachoishikilia isimwagike yote ni uzito wa hewa ya nje. Pascal kule Ufaransa akafikiria mbele zaidi, kwamba kama kweli ni uzito bas ukipanda mlima zebaki lazima ishuke kwasababu hewa iliyobaki juu yako ni pungufu, akamuomba shemeji yake Florin Périer apande Puy de Dôme, na tarehe 19 Septemba 1648 jamaa akapanda na mabomba yake, zebaki ikashuka kama sentimita 8. Ule mlima hata mita 1,500 haufiki. Sisi tunao wa 5,895 tena uko hapahapa nyumbani.

Segera, Mombo, Same, Mwanga, jioni Moshi. Simu inasoma 917. Yani nimekaa tu kwenye siti ya basi na nimeshaacha karibu asilimia kumi ya hewa chini yangu.

Jumapili, geti la Marangu mpaka Mandara

Getini saa nne asubuhi, 815. Vihamba vya Wachaga vinaishia pale, migomba na kahawa, alafu msitu unaanza ghafla na kila kitu kimelowa, ukungu, kuvu kwenye matawi, maji yanadondoka hata kama mvua hainyeshi. Mbega wawili walituangalia toka juu ya mti bila wasiwasi wowote.

Msitu huu ndio mahali pa kuzungumzia hewa imetengenezwa na nini, kwasababu vitabu vinatoa hesabu ya hewa kavu peke yake: nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, agoni kama 0.93, alafu vilivyobaki vyote vinagawana kile kidogo kilichosalia, kabonidayoksaidi ikiwa na 0.04 hivi, chini yake neoni, heliamu, methani. Sasa hewa kavu hiyo haipo Marangu na haipo Tanga. Hewa ya kweli ina mvuke, na mvuke haukai kwenye namba moja, jangwani unakaribia sifuri na kwenye joto la pwani unaweza kufika asilimia 4, yani unaizidi agoni na kabonidayoksaidi kwa mbali kabisa. Na ndio huo unaotengeneza mawingu, mvua, na sehemu kubwa ya joto linalobaki duniani usiku. Mimi nikiambiwa nichore chati ya hewa ya hapa msituni siwezi kuuweka mvuke pembeni kama nyongeza.

Mandara tumefika saa tisa, mita 2,720, presha 736. Mmoja wetu alitoa paketi ya kripsi aliyonunua Moshi, imevimba imekaza mpaka maandishi yamenyooka, ukiigonga inalia kama ngoma. Hewa iliyo ndani ya ile paketi bado ni hewa ya chini, inasukuma kwa nguvu ya kule ilikofungiwa, na huku nje wa kuizuia amepungua. Wapagazi wameshaona mavimbe ya namna hiyo maelfu ila walipenda maelezo, mmoja akaniuliza sasa mwalimu mbona hewa haipungui sawasawa, mbona toka Tanga mpaka hapa umeshusha namba kubwa hivo wakati mlima bado mrefu? Swali zuri mno. Nikamwambia fikiria magodoro yamepangwa dukani moja juu ya lingine, lile la chini limebonyea kwasababu limebeba yote, la juu kabisa limejaa na laini. Hewa iko hivohivo, ya chini imeshindiliwa na ya juu, kwahiyo mita mia za kwanza toka baharini zina hewa nyingi kuliko mita mia za huku. Ndio maana nusu ya hewa yote ya dunia iko chini ya mita 5,500 hivi. Akacheka akasema kumbe sisi kila wiki tunaikaribia nusu ya hewa tukiwa na mizigo kichwani.

Ni kweli kabisa, wanaikaribia, na kilo ishirini juu.

Jumatatu, Mandara mpaka Horombo

Msitu uliisha kama mlango umefunguliwa. Ukitoka unaingia kwenye vichaka na majani makavu, upepo, jua kali, na ukigeuka nyuma mawingu yako chini yako yametanda mpaka upande wa Kenya. Hapa unaiona troposfia, tabaka la chini kabisa la hewa, ikifanya kazi. Mchana jua linapasha miteremko, hewa yenye mvuke toka chini inapanda, ikipanda inatanuka kwasababu presha inapungua, ikitanuka inapoa, na mvuke unageuka matone. Kwa wastani joto linashuka nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, ila juu ya mawingu hewa ni kavu kiasi kwamba midomo ilianza kupasuka kabla hatujafika hata mahali pa chakula cha mchana.

Horombo, mita 3,720. Niliandika 650 nilipofika saa nane mchana, nikaenda kula, nikapima tena saa kumi jioni, ikawa 649 na ushee. Saa nne usiku 651 na zaidi. Hali ya hewa haikubadilika, hakuna wingu, upepo uleule, mimi nimekaa palepale kwenye kitanda cha mbao. Niliamka saa kumi alfajiri kwenda msalani nikapima, imeshuka tena.

Hili ni jambo ambalo nililisoma zamani na sikuwahi kuliona kwa macho yangu, na kwa kweli lilinifurahisha kuliko kitu chochote cha siku hiyo. Angahewa ina kupwa na kujaa, mara mbili kwa siku, na huku kwetu karibu na ikweta ndio inaonekana vizuri zaidi kwasababu hatuna zile dhoruba kubwa za nchi za baridi zinazotikisa barometa kila mara. Inajaa saa nne asubuhi na saa nne usiku, inakupwa saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, kwa saa zetu inakaririka kirahisi mno, nne na kumi, nne na kumi. Ila kinachoisukuma sio mwezi kama bahari. Ni jua. Jua linapasha mvuke wa huku chini, na linapasha zaidi ozoni iliyoko kilomita ishirini, thelathini na zaidi juu yetu, ozoni inameza ile miale mikali ya urujuani inapata joto, hewa yote inatanuka na kusinyaa na wimbi linazunguka dunia likilifuata jua. Kwahiyo ile hektopaskali moja na ushee niliyoiona kwenye simu nikiwa nimejifunika blanketi ni habari toka tabaka la ozoni, sehemu ambayo hata ndege za abiria hazifiki. Na hiyo ozoni yenyewe ni kidogo sana, ungeishusha yote mpaka usawa wa bahari uiweke kwenye presha ya kawaida ingekuwa na unene wa chini kidogo ya milimita 3 kwa huku kwetu. Milimita tatu ndio zinazotukinga. Ndio maana ule mkataba wa Montreal wa 1987 wa kupiga marufuku gesi za majokofu zinazoila ozoni mimi nauweka juu kabisa kwenye mambo mazuri ambayo nchi za dunia zimewahi kukubaliana.

Kingine cha Horombo, uko kwenye kimo karibu sawa na kituo cha kupima hewa cha Mlima Kenya, kile cha Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kilichoko mita 3,678, kipo kwenye mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani. Wamekiweka juu hivo ili wapate hewa iliyochanganyika ya bara zima na ya bahari, sio moshi wa mkaa wa kijiji cha jirani. Vituo vya namna hiyo ndio vinatuambia kabonidayoksaidi inaendaje. Cha Mauna Loa kule Hawaii kilianza 1958 kikasoma kama sehemu 315 kwenye kila sehemu milioni, saivi tumeshapita 420, na kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Mtu anaweza kusema 420 kwenye milioni ni nini, ila nitrojeni na oksijeni hazishiki joto linalotoka ardhini, zinaliacha lipite. Wanaolishika ni hawa wachache pamoja na mvuke.

Jumanne, Horombo, siku ya kuzoea mwinuko

Leo hatuhami. Asubuhi tumepanda mpaka Zebra Rocks, karibu mita 4,000, ukuta wa mawe meusi yenye michirizi meupe ambayo maji yenye madini yameichora yakitiririka miaka na miaka, alafu tunarudi kulala palepale. Mwongozaji anasema panda juu lala chini, mwili ujue kuna shida ujipange.

Nilikaa sana pale kwenye mawe kwasababu mlima huu ni volkano, na hewa tunayovuta asili yake ni volkano.

Dunia ina miaka kama bilioni 4.5. Hewa yake ya mwanzoni kabisa, hidrojeni na heliamu, haikudumu, gesi hizo ni nyepesi na dunia haina uzito wa kutosha kuzishikilia, zikapotelea angani. Iliyofuata ilitoka ndani ya dunia yenyewe, volkano zikitapika mvuke, kabonidayoksaidi, nitrojeni na gesi za salfa kwa muda mrefu mno. Oksijeni hapo hakuna. Dunia ilipopoa mvuke ukawa mvua, mvua ikawa bahari, na bahari ikaanza kuinywa kabonidayoksaidi, ikaungana na madini ikalala chini kuwa mawe ya chokaa. Sisi watu wa Tanga tunayajua mawe hayo, mapango ya Amboni yamo ndani ya chokaa, na viwanda vya saruji vinachimba chokaa hiyohiyo, vikiichoma kwenye tanuri ile kabonidayoksaidi iliyofungwa enzi za dinosaria inatoka inarudi hewani siku hiyohiyo. Ukitaka kuona dunia ingekuwaje bila huo mfumo wa bahari kuificha gesi kwenye mawe angalia Zuhura, hewa yake asilimia 96 ni kabonidayoksaidi, presha chini kule ni kama mara 90 ya Tanga na joto linapita nyuzi 460.

Nitrojeni yenyewe ilibaki kwasababu ni mvivu, haipendi kuungana na kitu, ikaendelea kujikusanya hewani mpaka ikawa ndio nyingi kuliko zote.

Oksijeni ililetwa na viumbe. Bakteria wadogo wa baharini, sayanobakteria, walijua kutumia jua kupasua maji, wanachukua hidrojeni wanaitupa oksijeni kama taka. Mwanzoni oksijeni hiyo haikufika hewani kwasababu bahari ilikuwa imejaa chuma kilichoyeyuka, kila ikitoka inakishika chuma inakuwa kutu inazama, na matabaka hayo ya kutu ndio sehemu kubwa ya chuma kinachochimbwa duniani leo. Mambo yalipogeuka, kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, oksijeni ikaanza kubaki hewani, na kwa viumbe wengi wa wakati ule ilikuwa ni sumu. Alafu ikapanda juu ikapigwa na miale ya jua ikawa ozoni, na baada ya ngao hiyo kuimarika mimea ikathubutu kutoka majini kuja nchi kavu, kama miaka milioni 470 iliyopita. Kuna kipindi, miaka kama milioni 300 nyuma, misitu ilikuwa mingi kiasi kwamba oksijeni ilifika labda asilimia 30, kukawa na wadudu mfano wa kereng'ende wenye mabawa ya sentimita 65 na zaidi.

Agoni nayo ina habari yake. Gesi hii haikugunduliwa mpaka 1894, Rayleigh na Ramsay kule Uingereza waliona nitrojeni ya hewani ni nzito kidogo kuliko nitrojeni inayotengenezwa maabara, tofauti ndogo ambayo mwingine angeipuuza, wao wakaifuata wakakuta kuna gesi ndani haifanyi chochote na mtu yeyote. Karibu yote imetoka kwenye mawe, potasiamu ya aina fulani inaoza taratibu sana na sehemu yake inageuka agoni, miaka bilioni 1.25 nusu ya potasiamu hiyo ndio imeoza. Kwahiyo ukipima agoni iliyonaswa kwenye jiwe la volkano unajua jiwe lina umri gani. Ndivyo walivyojua mwaka 1961 kwamba Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, ana miaka kama milioni 1.75, na ndivyo tunavyojua Shira, koni ya kwanza ya mlima huu, ilianza kama miaka milioni 2.5 iliyopita na Kibo, koni yenye kilele cha Uhuru, ni mtoto wa juzi tu.

Heliamu pia inazaliwa kwenye mawe, kwenye urani na thoriamu, ila yenyewe haikai hewani, inapanda inatoka kabisa duniani. Ile ya bonde la Rukwa iliyotangazwa 2016 ni kwasababu imenaswa chini kabla haijatoroka.

Na kazi ya volkano haijaisha. Ol Doinyo Lengai inatoa kabonidayoksaidi mpaka leo, na mwongozaji wetu anasema ndani ya kreta ya Reusch kule juu Kibo kuna matundu yanatoa mvuke wenye harufu ya salfa, ardhi ina joto na barafu iko pembeni tu. Mimi sijaingia kule, njia yetu haipiti, ila kujua kwamba ipo kuliubadilisha mlima wote machoni pangu.

Jumatano, Horombo mpaka Kibo

Uwanda wa kati ya Mawenzi na Kibo ni jangwa. Mchanga, mawe, upepo. Maji ya mwisho tumeyapita asubuhi. Anga ya juu kichwani imekuwa ya bluu nzito inayoelekea giza ambayo Tanga huwezi kuiona, kwasababu bluu ya anga ni mwanga wa jua uliotawanywa na chembe za hewa, na hewa iliyobaki juu yetu sasa ni pungufu, vumbi na mvuke karibu hakuna, kwahiyo weusi wa nje unaanza kupenya. Kivulini unatetemeka na juani unaungua kwa wakati mmoja.

Kambi ya Kibo, mita 4,720, presha 574. Chai inachemka kwenye nyuzi kama 85 hapa, inatokota kwa fujo ila moto wake ni pungufu kuliko wa nyumbani. Mpishi hapiki maharage huku, anasema utamaliza gesi na maharage hayaivi.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kilinionyesha 82. Tanga nilikuwa 98. Mwenzetu mmoja alikuwa 71, kichwa kinamuuma toka mchana, mwongozaji akamwambia kaka tembea hapa kisigino kiguse vidole, akayumba. Hapakuwa na mjadala, akateremshwa jioni hiyohiyo na mpagazi mmoja na mwongozaji msaidizi, na walipofika Horombo walitupigia, kichwa kimeachia. Mita elfu moja chini, hektopaskali 76 zaidi, hiyo ndio ilikuwa dawa. Mtu akikwambia anaona aibu kushushwa mwambie hewa haijui nani ana nguvu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, Kibo mpaka Uhuru

Tumeondoka saa sita usiku. Pole pole kwenye kokoto zinazoteleza, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Simu nimeiweka ndani ya koti karibu na mwili betri isife kwa baridi. Nyota zilikuwa nyingi na hazimetimeti kama za nyumbani, zimetulia, kwasababu kumeta kwa nyota ni hewa ya chini inayotikisika ndio inauyumbisha mwanga njiani.

Kimondo kilipita upande wa Mawenzi, mstari mrefu. Kile kiliungua kama kilomita 80 mpaka 100 juu yetu, na hapo ndipo nataka kusema kuhusu ile michoro ya vitabuni inayoyapanga matabaka kama ngazi za upana sawa, mtoto anaona troposfia ni kipande kidogo cha chini kisicho na maana. Troposfia huku ikweta inafika kilomita 16 mpaka 18, kule nchani mwa dunia ni kama 8 tu, na ndani yake kuna karibu asilimia 80 ya hewa yote na karibu mvuke wote. Juu yake kuna stratosfia mpaka kilomita 50, ambako joto linapanda badala ya kushuka kwasababu ya ozoni, na kwamba kule juu joto linaacha kushuka alilitangaza Teisserenc de Bort, Mfaransa, mwaka 1902 baada ya kurusha mabaluni mengi, mengine akiyarusha usiku ili jua lisidanganye vipimajoto. Alafu mesosfia mpaka kama 85, baridi kali kuliko zote, ndiko vimondo vinakofia. Alafu themosfia, chembe ni chache ila zina joto la mamia ya nyuzi, kituo cha anga cha kimataifa kinaelea humo kilomita kama 400 na bado hewa hiyo nyembamba inakivuta kishuke, lazima wakisukume mara kwa mara. Mwisho eksosfia, chembe zinatoroka moja moja.

Hewa ya huko juu ya ikweta ilipimwa toka hapa kwetu pwani. Kwenye ghuba ya Ungwana kaskazini mwa Malindi, Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini, na Aprili 1967 wakarusha setilaiti ya San Marco 2 kupima wingi wa hewa juu ya ikweta. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikarushwa palepale setilaiti ya Marekani ya kutazama miale ya eksirei toka kwenye nyota, miale ambayo hewa inaizuia yote isifike ardhini, na wakaiita Uhuru. Nilikuwa naliwaza hilo jina nikipanda.

Gilman's, pale njia inapofikia ukingo wa kreta, saa kumi na mbili kasoro, jua linatoka. Kivuli cha mlima kikatokea upande wa magharibi, pembetatu kubwa iliyolala juu ya hewa yenyewe sio juu ya ardhi, juu yake kuna mkanda wa pinki. Toka pale mpaka Uhuru ni kuzunguka ukingo wa kreta, nilikuwa nahesabu hatua ishirini nasimama.

Uhuru, mita 5,895, saa mbili na dakika chache asubuhi. Nikatoa simu. 496.

Chini ya nusu ya Tanga. Oksijeni bado ni ileile 21 kwenye mia, ila 21 ya 496 ni kama hektopaskali 104, na Tanga 21 ya 1012 ni 212, mwili unaishi kwa hiyo namba ya pili. Nimetembea kwa miguu yangu nikaivuka nusu ya angahewa ya dunia, na mpaka wa kilomita 100 wanaouita mwanzo wa anga za juu hauzidi umbali wa barabara toka Moshi mpaka Same. Nilimwambia mwongozaji hivo akanyamaza kidogo akasema basi ni chache sana mwalimu.

Barafu za kusini zinaonekana toka kileleni, kuta zimesimama wima, pembeni mchanga mtupu. Toka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imeondoka. Hazitiririki maji sana kama watu wanavyodhani, hewa ya huku ni kavu na jua ni kali, barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kuwa maji, na theluji mpya ya kuirudishia haitoshi. Mwaka 2000 kikosi cha mwanasayansi Lonnie Thompson kilitoboa barafu hizi kikachukua nguzo zake, ya chini kabisa wakaikadiria miaka kama 11,700.

Dakika kumi na tano tu, mwongozaji akasema tushuke.

Ijumaa, Horombo mpaka getini

Kushuka ni magoti tu. Chupa ya plastiki niliyoifunga tupu Kibo imekunjamana yenyewe ndani ya begi, Mandara imeingia ndani upande mmoja, getini imebonyea kabisa, nimeibeba hivohivo bila kuifungua niende nayo darasani. Hewa ya geti unaivuta unahisi nzito na tamu, damu imerudi 96.

Namba zote ziko kwenye daftari: 1012, 917, 815, 736, 650, 574, 496. Chora grafu, kimo chini na presha pembeni, utapata mstari unaopinda, na kupinda huko ndio yale magodoro. Kama kuna mtu anapanda kwa njia ya Machame au Lemosho mwezi huu na simu yake ina barometa, naomba apime Lava Tower na kambi ya Barafu, aandike na saa aliyopima kwasababu ya ile nne na kumi, alafu atulie sehemu moja apime tena baada ya masaa sita. Wanafunzi wangu watazichora pamoja na hizi za Marangu.